Majibu Yetu Yamelala Maktaba



Ukitaka kujua kwamba vyuo vikuu vimefunga, huna haja ya kutazama kalenda. Fika Nachingwea au Ruangwa kati ya Julai na Septemba. Ufuta umekwisha kuvunwa, watu wanazungumzia bei ya mnada wa RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Mashambani pampu za kupulizia mikorosho zinanguruma tangu alfajiri, salfa imetanda hewani. Na kwenye benchi la ofisi ya mtendaji wa kijiji ameketi kijana mwenye bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha mna barua ya utambulisho kutoka chuoni. Imepita kwa katibu tawala wa mkoa, ikapita wilayani, ikapita kwa mtendaji wa kata, na kila ilikopita imeongezewa muhuri. Kijana amekuja kukusanya data. Anasomea shahada ya uzamili katika elimu, au sosholojia, au mawasiliano.

Mtendaji anamtafutia kaya za kuhoji. Anafika uani, shikamoo, marahaba, anapewa kigoda, anafungua dodoso lake. Mama, una watoto wangapi walioko shule? Yule wa pili kwa nini aliacha? Binti alichezwa unyago mwezi gani, likizo au katikati ya muhula? Uamuzi wa kumsomesha mtoto huwa ni wa nani: baba, mama, au wote wawili? Mama anajibu huku anapeta ufuta wake. Saa nzima inapita. Kijana anashukuru sana, anaaga, anapanda bodaboda, na habari zake zinaishia hapo. Hatumsikii tena mpaka pengine siku tunapoambiwa amekuwa mhadhiri mahali fulani.

Sasa turudi kwenye lile swali lake la mwisho. Baba, mama, au wote wawili. Msikilizaji wangu wa Mnacho, wa Mandawa, wa Naipanga, wewe umekwisha kucheka. Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde ni watu wa ukoo wa mama. Yapo mambo ya mtoto ambayo baba hayamalizi peke yake wala mama hayamalizi peke yake, kwa sababu mjomba hajaitwa. Mama aliyeulizwa hakuona mahali pa kumweka kaka yake katika yale majibu matatu, na kwa adabu ya kutomsumbua mgeni akasema "wote wawili". Alama ikawekwa. Alama hiyo ikaenda Dar es Salaam au Mwanza au Dodoma, ikageuka asilimia, asilimia ikageuka hitimisho, hitimisho likatetewa mbele ya maprofesa na likapita. Hakuna aliyedanganya. Lakini tasnifu ile ingesomwa siku moja tu kijijini kwa yule mama, mtu mmoja angenyoosha mkono na kuuliza: mbona wajomba hawamo?

Nataka kusema jambo moja tu jioni hii. Kurudisha matokeo ya utafiti kwa watu waliohojiwa tumezoea kukuona kama hisani, kama shukrani, kama zawadi ambayo mtafiti mwema anaweza kuitoa akipata nauli. Mimi naona ni sehemu ya utafiti wenyewe. Mhandisi akikosea hesabu za daraja, daraja litamwambia. Mtu wa elimu, wa sosholojia, wa mawasiliano, malighafi yake ni maneno ya watu, na wanaoweza kumwambia kwamba amekosea ni wale wale aliowachukulia maneno. Asiporudi kwao, hakuna wa kumsahihisha.

Na wilaya hizi mbili, Nachingwea na Ruangwa, zina haki ya kulisema jambo hili, maana watu wa huku kusini wamekuwa wakiulizwa, kupimwa na kuandikwa kwa zaidi ya miaka 100.

Mwaka 1906, moto wa Maji Maji ukiwa haujazimika sawasawa huku kusini, alishuka Lindi mtaalamu wa Kijerumani aliyeitwa Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig. Akapanda mpaka Masasi, akafika uwanda wa Makonde na Newala. Alibeba mashine ya kunasa sauti na kamera ya picha zinazotembea, vitu ambavyo hata Ulaya vilikuwa bado vigeni. Watu wakaimba mbele ya bomba la mashine, sauti zikakwaruzwa juu ya mitungi ya nta, mitungi ikapanda meli. Kitabu chake cha safari kikatoka kwa Kijerumani mwaka 1908 na kwa Kiingereza mwaka uliofuata. Sisi wa redio tunapaswa kumheshimu kwa namna fulani, maana kabla ya Weule ni nani alinasa sauti ya mtu wa kusini? Lakini fikiri: wajukuu wa waliomwimbia wanaishi huku kusini, na nyimbo zenyewe ziliwekwa Ujerumani.

Baada ya vita kuu ya pili wakaja watu wa karanga. Hawa hawakuwa na shida ya kuuliza, kwa sababu hawakuuliza. Mwaka 1946 ujumbe wa watu watatu ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Tanganyika kwa majuma machache, sehemu kubwa ya safari ikiwa ni kwa ndege, ukapendekeza ekari zaidi ya milioni 3 zifyekwe kwa ajili ya karanga: Kongwa, Urambo, na huku kwetu Nachingwea. Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia. Ikajengwa bandari Mtwara, ikatandikwa reli mpaka Nachingwea, yakaletwa matrekta. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza ikafuta mpango huo na kuandika hasara ya pauni milioni 36 hivi. Reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nachingwea tumebaki na kata inayoitwa Stesheni, bila treni. Wazee waliokuwa wakilima karanga kwa jembe la mkono katika udongo ule ule walikuwapo wakati wote huo. Lakini tusiwape sifa wasizokuwa nazo: nao hawakuwa na jibu la namna ya kulima ekari milioni. Wangeweza kusema mvua inakuwaje na udongo unakauka vipi, na hilo pekee lingeokoa fedha nyingi.

Sasa nifike kwa mtu ambaye kwangu ndiye kiini cha mazungumzo haya.

Eduardo Mondlane alizaliwa mwaka 1920 Manjacaze, jimbo la Gaza, kusini mwa Msumbiji. Alisoma Johannesburg mpaka Makaburu walipomfukuza mwaka 1949. Akapita Lisbon. Akavuka bahari, akapata shahada ya kwanza chuo cha Oberlin mwaka 1953, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Northwestern, jimbo la Illinois, akasoma sosholojia mpaka uzamivu, alioupata mwaka 1960. Tasnifu ya Mondlane ilihusu mgongano wa nafasi ndani ya mtu mmoja, rangi, na lile kundi ambalo mtu huliangalia anapotaka kujua yeye ni nani na anapaswa kufanya nini. Kwa lugha yetu ya barazani: mtu akiwa na miguu katika nyumba mbili, akiitwa na nyumba zote mbili kwa wakati mmoja, ataitikia ipi?

Naye mwenyewe aliitwa hivyo. Alikuwa na kazi Umoja wa Mataifa, kisha akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Syracuse. Nyumba, mshahara, mke, watoto. Juni 1962 chama cha ukombozi wa Msumbiji, FRELIMO, kikaundwa Dar es Salaam na yeye akachaguliwa rais wake. Mwaka uliofuata akahamia Dar es Salaam moja kwa moja. Mke wake Janet akasimamia Taasisi ya Msumbiji pale Kurasini, shule ya sekondari ya vijana wakimbizi. Vita vya ukombozi vikaanza tarehe 25 Septemba 1964, na kuanzia mwaka 1965 kambi kuu ya mafunzo ikawa hapa kwetu, Nachingwea, katika yale yale mashamba yaliyoachwa na watu wa karanga.

Wakubwa wetu wa Nachingwea wanaikumbuka kambi ile kwa mambo ya kijeshi, na ni haki, lakini itazame kama mwalimu au kama mwanasosholojia. Waliingia pale Wamakonde na Wamakua, Wanyanja, Wayao, watu wa Gaza na Maputo, wengi wao hawajawahi kusikilizana lugha. Wakajifunza silaha, lakini pia walijifunza kusoma, kulima chakula chao wenyewe, na kukaa vikao virefu vya kujadiliana. Mwaka 1967 wanawake wakaingia mafunzoni na kuunda kikosi chao. FRELIMO wenyewe walikuwa wakiitaja Nachingwea kama maabara ya kumtengeneza binadamu mpya. Maabara! Neno la vyuo vikuu, likitumika katika mashamba ya Nachingwea.

Hapo ndipo ugomvi wa wasomi ukazuka. Chama kilidai kwamba mwanafunzi lazima akatize masomo na kutumikia mapambano: afundishe katika maeneo yaliyokombolewa, au aende kambini. Vijana wa Kurasini hawakukubali kirahisi, na Machi 1968 taasisi ikafungwa kwa vurugu. Wanafunzi wa Msumbiji waliokuwa Marekani nao wakaandikiana na Mondlane maneno makali. Wao walitaka kuendelea na shahada za juu. Yeye aliwataka warudi. Ukiwa upande wa vijana, jibu linakuja mdomoni lenyewe: wewe unayetuambia turudi, mbona uzamivu wako uliumaliza? Ukiwa upande wake, jibu nalo lipo: niliumaliza, kisha nikarudi. Mimi nikisoma habari hizi sioni upande uliokuwa na kosa tupu. Naona swali ambalo mpaka leo linamkera kila mwalimu wa Ruangwa anayejaza fomu ya kuomba ruhusa ya masomo.

Mondlane aliuawa tarehe 3 Februari 1969 Dar es Salaam, kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu kilichotumwa kwa posta. Msomi kuuawa kwa kitabu. Samora Machel akashika uongozi baadaye, na Mei 1975 msafara wake wa kurudi nyumbani kwenda kutangaza uhuru ulianzia Nachingwea.

Lakini kabla ya safari hiyo, mwezi huo huo, Nachingwea ilishuhudia jambo ambalo hatulisemi sana tunapojivunia historia yetu. Uria Simango, aliyekuwa makamu wa rais wa chama chini ya Mondlane, alisimamishwa mbele ya umati akasomeshwa kurasa nyingi za kukiri makosa yake. Baadaye yeye na wenzake waliuawa Msumbiji bila kufikishwa mahakamani. Nalitaja kwa sababu kurudisha matokeo nako ni kuzungumza mbele za watu. Pale palikuwa na mzungumzaji, palikuwa na wasikilizaji, palikuwa na hotuba iliyoandikwa vizuri. Hapakuwa na mtu aliyeruhusiwa kusema hapana. Kambi ile ile iliyowafundisha maelfu kujadiliana ilifika mahali ikamfanya mtu azungumze maneno ya wengine.

Wakati FRELIMO wakiwa na maabara yao Nachingwea, Dar es Salaam palikuwa panapikwa jambo jingine, na hili linatugusa sisi wa redio moja kwa moja. Mwaka 1973 ilirushwa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake, kitabu chake na redio yake. Kipindi kikiisha redio inazimwa. Msikilizaji, hapo ndipo kazi ilipoanza: wanajadili walichosikia, wanakubali, wanapinga, wanaamua watafanya nini. Vikachimbwa vyoo, yakafyekwa majani kuzunguka nyumba. Redio ilisema, lakini neno la mwisho lilikuwa la kikundi.

Watu waliokuwa wakifanya kazi Dar es Salaam miaka hiyo walijifunza kitu hapo. Budd Hall, kijana wa Kimarekani aliyekuwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na Marja-Liisa Swantz, mwanamke wa Kifini aliyeingia Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950 kufundisha wasichana Kilimanjaro na ambaye uzamivu wake wa Uppsala wa mwaka 1970 ulihusu mila za Wazaramo, walianza kusema kwamba mtafiti na mtafitiwa wanapaswa kukaa upande mmoja wa meza. Mwaka 1975 jarida la kimataifa la elimu ya watu wazima, Convergence, likatoa toleo zima juu ya jambo hilo. Leo utafiti shirikishi unafundishwa Toronto, Delhi na Rio de Janeiro, na vijana wetu wanaosomea uzamili wanausoma katika vitabu vya Kiingereza kama kitu kilichotoka ng'ambo. Kilitoka Dar es Salaam, na kwa sehemu kililelewa vijijini kwetu.

Tena kilirudi mpaka huku. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 Ufini ilifadhili mradi wa RIPS katika mikoa ya Lindi na Mtwara, na Swantz mwenyewe alifanya kazi humo katika miaka ya 1990. Wenye umri wa kutosha wanakumbuka wataalamu wakichora ramani ya kijiji mavumbini kwa vijiti na maganda ya korosho. Wengine waliwacheka. Lakini mradi huo uliwahi kutumia video kwa namna ambayo napenda kuitaja: wavuvi wa pwani walirekodiwa wakilalamikia uvuvi wa baruti, kisha picha zikaonyeshwa vijijini kwao, wakajiona, wakabishana, wakarekodiwa tena, na mwisho maneno yao yakafika mbele ya wakubwa kwa midomo yao wenyewe. Hapo mtafiti alipokosea alisahihishwa hapo hapo, wakati watu wakitazama. RIPS ilikuwa na kasoro zake, na fedha za wafadhili zilipokwisha mengi yalisinyaa. Ila kwa hili walitutangulia.

Sasa tutazame leo. Kusoma shahada ya juu si jambo la mbali tena kwa mtu wa huku. Chuo Kikuu Huria kilianza kupokea wanafunzi mwaka 1994, na mwalimu anaweza kusoma akiwa kituo chake cha kazi. Mtwara pana chuo kikuu kishiriki cha Stella Maris tangu mwaka 2009. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi Lindi. Na mfano wa mwalimu wa Ruangwa aliyekwenda mbali upo hadharani: Kassim Majaliwa, mzaliwa wa wilaya hiyo, alianza na ualimu, akasoma shahada ya elimu Dar es Salaam, akaenda Chuo Kikuu cha Stockholm kwa masomo ya juu zaidi, na Novemba 2015 akateuliwa kuwa Waziri Mkuu.

Mwalimu wa kawaida safari yake ni nyembamba zaidi. Anakopa benki, mshahara unakatwa kila mwezi. Anasoma usiku baada ya kusahihisha madaftari ya darasa lenye watoto 90. Msimamizi wake chuoni anakaa na sura ya tatu miezi mingi bila kuirudisha. Akimaliza anasubiri kubadilishiwa muundo, na pengine barua ya kupanda daraja inachelewa mpaka anasahau furaha ya mahafali. Ndipo lile swali la Mondlane linapomkuta. Kundi gani ndilo analojipimia sasa? Walimu wenzake wa darasa la tatu, au maafisa wa halmashauri, au wale waliovaa majoho pamoja naye na sasa wanafanya kazi katika mashirika Dar es Salaam? Wengi huondoka darasani. Siwalaumu. Nasema tu kwamba tumepanga mambo hivi: kadiri mtu anavyosomea elimu zaidi, ndivyo anavyokaa mbali zaidi na mtoto anayejifunza kusoma.

Kuna jambo la lugha pia. Mahojiano yanafanywa kwa Kiswahili, mengine kwa Kimwera au Kimakua kwa msaada wa mkalimani. Tasnifu inaandikwa kwa Kiingereza, isipokuwa kwa wanaosomea Kiswahili chenyewe. Najua sababu zake: watahini wa nje, majarida ya kimataifa, sifa ya chuo. Sina haja ya kuipinga leo. Lakini matokeo yake ni kwamba mwenyekiti wa kijiji hata akipewa nakala, ataiweka juu ya kabati pamoja na kalenda za zamani.

Basi nifanye pendekezo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau mara moja kila miezi mitatu, na kila mtu mzima anayeishi kijijini ni mjumbe. Jukwaa lipo. Halmashauri za Nachingwea na Ruangwa, ambazo ndizo zinazopokea zile bahasha za kaki, ziweke sharti moja katika barua ya kumruhusu mtafiti: kabla hujaandika sura ya mwisho, utasimama katika mkutano mkuu wa kijiji ulichokitafiti, kwa dakika 20, kwa Kiswahili, useme umeona nini. Watu wakuulize. Wanayoyasema yaingie katika tasnifu. Asiyeweza kueleza utafiti wake wa miaka miwili kwa dakika 20 mbele ya wakulima wa korosho, mimi nina shaka kama anauelewa.

Nimekwisha kusikia pingamizi. Mikutano yenyewe haina watu. Ni kweli; vijiji vingine akidi haitimii mpaka itangazwe kwamba mbolea au salfa ya ruzuku imefika. Lakini huenda watu hawaji kwa sababu kila mara wanasomewa mapato na matumizi yale yale. Jaribu kuwaambia kwamba leo mtu atasema kwa nini watoto wao wanaacha shule, uone kama miembe haitakuwa na watu chini yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la siri. Mtafiti ameahidi kwamba hatataja jina la mtu. Lakini katika shule yenye walimu wanane, ukisema "mwalimu wa kike wa hisabati alikiri kwamba huchapa", umekwisha kumtaja, hata watoto wanamjua. Binti aliyesimulia jinsi alivyopata mimba akiwa darasa la saba, kijiji kizima kitajua ni nani. Hapa mtafiti lazima atumie akili na huruma, achague yapi ayaseme mkutanini na yapi ayaache kwenye maandishi, na pengine azungumze na wanawake peke yao, na vijana peke yao. Hili ndilo somo la mawasiliano lenyewe. Anayesomea shahada ya mawasiliano kisha akaogopa mkutano wa kijiji, amesomea nini?

Na wapo watakaokasirika. Mkuu wa shule hatapenda kusikia takwimu za utoro. Diwani hatapenda kuambiwa kwamba michango ya chakula cha wanafunzi haieleweki ilikokwenda. Wenye ngoma hawatapenda kusikia mtoto wa jana akisema jando lilikula wiki tatu za muhula. Waache wakasirike, ilimradi mtafiti naye awe tayari kujibiwa. Kungwi anaweza kumweleza kwamba mwaka huo ngoma ilichelewa kwa sababu mvua iliharibu mavuno na watu hawakuwa na chakula cha wageni, kwa hiyo sherehe ikasogea mpaka shule zilipofunguliwa. Hilo halimo katika dodoso, na linaweza kubadilisha ushauri mzima anaotaka kuutoa kwa wizara.

Kwa walimu wa Nachingwea na Ruangwa mnaoandaa mapendekezo ya utafiti mwaka huu, na najua mnanisikiliza mkiwa na kalamu mkononi, naomba niwape mada mbili ambazo ningependa kuziona.

Ya kwanza ni ya mtoto wa chekechea anayekuja shule akizungumza Kimwera nyumbani. Mpango wa EQUIP-T uliofadhiliwa na Uingereza, ulioanza mwaka 2014 na Lindi ikiwa miongoni mwa mikoa yake, uliliona tatizo hilo na kujaribu kuwaandaa watoto kabla ya darasa la kwanza kwa hadithi za Kiswahili. Mpango umekwisha. Watoto wale sasa ni vijana wa sekondari, wapo, wana wazazi, wanaweza kuulizwa.

Ya pili ni yenu wenyewe. Mtu achukue orodha ya walimu wote wa wilaya hizi mbili waliopata shahada za uzamili, awafuatilie mmoja mmoja: nani yuko darasani, nani yuko ofisini, nani amehama mkoa, na nani aliwahi kutumia alichokiandika katika tasnifu yake kubadilisha lolote shuleni kwake. Majalada yapo katika ofisi za elimu za wilaya na kwa Tume ya Utumishi wa Walimu. Atakayeifanya kazi hiyo, redio itampa nafasi ya kuisoma hewani, na simu zitakuwa wazi.